Saa ya mfukoni ya babu imeandikwa 10 RUBIS, dalali anataka kung'oa mawe, ni rubi kweli?

mwana_wa_Rungwe

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa haraka maana Jumamosi tuna kikao cha familia na hili jambo litaamuliwa hapo.

Babu yetu ametangulia mbele ya haki, na kwenye sanduku lake tumekuta saa ya mfukoni, zile za mnyororo, ya zamani sana. Wazee wanasema ilikuwa ya baba yake ambaye alikuwa seremala kwa wamisionari huku Rungwe enzi za Mjerumani. Ni rangi ya fedha, mgongoni imechorwa maua na mistari midogo midogo inayometa ukiigeuza kwenye mwanga, katikati kuna kangao katupu. Ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta mfuniko mwingine ndani, huo wa ndani ndo umeandikwa REMONTOIR CYLINDRE 10 RUBIS. Haitembei, ila ukiitikisa inapiga kidogo alafu inasimama.

Sasa baba mdogo aliipeleka Mbeya mjini kwa dalali mmoja wa madini, yule jamaa akasema hayo maandishi maana yake ndani mna rubi 10, akamwonyesha kwa lenzi na kweli kuna vidude vyekundu vinawaka ndani. Anataka aifungue yote, atoe mawe ayanunue, na kava liende kwa sonara likayeyushwe fedha. Baba mdogo ameshakubali, shangazi hataki hata kusikia, na mimi ndo nimeambiwa nitafute ukweli. Je ni rubi kweli? Zina thamani? Na nani aliitengeneza maana nimezungusha hiyo saa yote sijaona jina la mtu.

fundi_saa_Kabwe

Kijana poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Jambo la kwanza, hiyo saa isitoke tena hapo nyumbani mpaka kikao kiishe, na mtu yeyote asiisogezee bisibisi.

Mimi ni fundi saa, hii kazi nimeifanya tangu watu wanavaa Seiko na Orient na kila stendi ina fundi saa na kimeza chake cha kioo. Nikujibu moja kwa moja: ndiyo ni mawe, neno la dalali hapo sio uongo. Ila hayo sio mawe ya pete. Hayo ni beringi.

Sikiliza nikueleze. Kila gurudumu ndani ya saa lina ekseli yake, na ncha za hiyo ekseli ni nyembamba mno, ile ya gurudumu la balansi (hilo linalocheza kwenda na kurudi ukitikisa) inakaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Saa kama hiyo ikiwa nzima kwa kawaida inapiga mara 18,000 kwa saa moja, maana yake siku moja mapigo 432,000, usiku na mchana haipumziki. Sasa ncha ya chuma ikicheza muda wote huo kwenye tundu la shaba tupu, tundu linalika, linakuwa la umbo la yai, gurudumu linalala upande, meno hayakutani vizuri, saa inachelewa na mwisho inakufa. Ndo mafundi wa zamani wakatafuta kitu kigumu. Rubi kwenye kipimo cha ugumu ni 9, juu yake kuna almasi tu ambayo ni 10. Wanatoboa jiwe katikati, wanalipiga polishi mpaka tundu lenyewe kwa ndani linang'aa, na upande mmoja wanachimba kibonde kidogo kama kisahani ili tone la oili likae pale lisikimbie. Balansi peke yake kwa kawaida inachukua mawe 4, juu mawili chini mawili: moja lenye tundu linashika ncha, jingine bapa lisilo na tundu linazuia ncha kwa mwisho. Yaliyobaki yanagawanywa kwenye magurudumu mengine.

Kwa hiyo ukiyang'oa hayo mawe umebaki na saa isiyo na beringi, yaani umebaki na chuma chakavu, na mkononi una punje ambazo ukipiga chafya zinapotea. Nimeshaletewa saa za namna hiyo zimeng'olewa mawe, wenye nazo wanaulizia kama naweza kuzirudishia, na inaniuma sana kwa sababu kila tundu la kwenye hizo saa za zamani lilipimwa kwa ncha yake, sio kitu unaenda dukani unanunua.

Nipigie picha ya ndani ya mfuniko wa nyuma kabisa, ule wa kwanza. Tafuta alama ndogo ndogo zilizogongwa, mara nyingi kuna namba 0,800 na vijipicha.

Mnyalu_wa_Mafinga

Kamwene wote. Mimi niseme upande wa baba mdogo kidogo msinipige mawe. Kitu hakitembei, kimekaa kwenye sanduku miaka na miaka, watu wana ada za watoto. Kama fedha ni fedha kwanini isiyeyushwe pesa ikagawanywa? Shangazi anaitaka ya nini?

broka_wa_vito

Mnyalu ngoja nikupigie hesabu maana hii ndo kazi yangu, nimeishi machimbo, Winza nilikuwepo, Tunduru nimekaa, Mahenge naenda mpaka leo.

Tuanze na mawe. Jiwe moja la saa ya mfukoni upana wake ni milimita moja na nusu au mbili hivi, bapa, alafu lina tundu katikati. Yapange yote 10 kwenye mzani, hayafiki karati moja. Rubi inanunuliwa ili ichongwe, sasa mchongaji gani atalipokea jiwe bapa lenye tundu? Hamna. Hata huyo dalali hawezi kumuuzia mtu anayejua mawe. Na kuna jambo la pili. Mfaransa mmoja anaitwa Auguste Verneuil mwaka 1902 alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa moto: unga wa oksidi ya alumini uliochanganywa na kromiamu kidogo unadondoka kupita kwenye mwali wa haidrojeni na oksijeni, unayeyuka na kujijenga chini kidogo kidogo mpaka unakuwa jiwe. Ni rubi kabisa kwa kemia na ugumu wake, ila haikutoka ardhini, na tangu hapo viwanda vya saa ndo vikawa wateja wake wakubwa. Kama saa yako ni ya kabla ya hapo basi mawe huenda ni ya asili, lakini hata hayo ya asili walikuwa wanachukua vipande vidogo ambavyo havifai kwa pete, na kwenye saa za bei ya chini mara nyingi waliweka ganeti ambayo nayo ni nyekundu, ukiiangalia haraka kwa lenzi utasema rubi.

Sasa fedha. Kava likiwa gramu 30 na ni fedha ya 800, yaani sehemu 800 kati ya 1,000 ndo fedha, basi fedha safi humo ni gramu 24. Gramu 24 za fedha, sio dhahabu jamani. Na ule mfuniko wa ndani wenye maandishi usiuhesabu kabla haujapimwa, kwenye saa nyingi ni shaba tu iliyopakwa. Ukigawa hiyo pesa kwa familia nzima kila mtu anapata nauli ya daladala, na saa imekwisha.

Ila msije mkadhani hakuna saa zilizobeba mawe ya maana. Mwaka 1912 London, mtaa wa Cheapside, vibarua wanabomoa nyumba ya zamani wakakuta chini ya sakafu mzigo wa vito vilivyofichwa miaka karibu 300. Humo ndani mna saa ambayo kava lake ni zumaridi moja nzima. Jiwe lilitoka Colombia, fundi akalichimba katikati likawa na shimo la kukaa mashine, na mfuniko wake nao ni zumaridi, unasoma saa kwa kuangalia kupitia jiwe. Kazi ya miaka ya 1600 hiyo. Mtu ambaye hajawahi kushika zumaridi hawezi kuelewa ninachosema hapa. Zumaridi ina nyufa zake za asili ndani, ukiigusa vibaya inapasuka vipande, na huyu mtu alikuwa anaichimba kwa vifaa vya mkono na unga wa kusagia, bila mashine wala taa ya umeme. Mimi nimeangalia picha zake nikanyamaza. Hizo ndo saa unazoweza kusema zina mawe. Yenu ni saa yenye beringi nzuri, iacheni ikae nzima.

Dada_Kihesa

Jamani mimi niko Iringa na mada imenigusa, naomba niulize humu humu. Bibi yangu aliachiwa kisaa kidogo cha kike na mama mmoja Mgiriki aliyekuwa na shamba huku, bibi alikuwa anamlelea watoto. Mgongo wake ni wa bluu unang'aa kama kioo alafu kwa chini ya hiyo bluu unaona mistari ya mawimbi, pembeni kamezungushiwa lulu ndogo ndogo kama punje za uwele, mbili zimedondoka. Sonara wa hapa anasema anaweza kunilehemea kishikizo cha juu kilichokatika. Nimpe?

Mwl_wa_Gangilonga

Dada usimpe! Angalau usimpe mpaka umwambie kwamba hiyo bluu ni enameli, na yeye akuambie atailindaje. Enameli ni kioo. Wanasaga kioo cha rangi kinakuwa unga, wanakipaka juu ya dhahabu au fedha, wanaingiza kwenye tanuru la nyuzi joto 800 hivi kinayeyuka na kushika, kinatoka, kinapakwa tena, kinarudi motoni tena. Hiyo mistari ya mawimbi unayoiona chini ilichongwa kwanza kwenye chuma kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, alafu enameli ya kupenya mwanga ikapakwa juu yake ndo maana inacheza ukiigeuza. Moto wa kulehemu wa sonara ukigusa upande mmoja tu, chuma kinatanuka, kioo kinapasuka, na kupasuka huko hakurudi. Lulu nazo ni hivyo hivyo, moto unaziua, na tindikali ya kusafishia ndo kabisa.

Nafundisha historia, na hizi saa nazipenda sana kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha. Ufundi wa kuchora picha kwa enameli juu ya dhahabu unahusishwa na Mfaransa Jean Toutin wa Châteaudun, miaka ya 1630, na mji wa Blois jirani yake ukawa na mafundi wa mikasha ya saa ya namna hiyo, alafu Geneva nayo ikaupokea. Na Geneva yenyewe ina kisa chake. Wakati wa Jean Calvin, kiongozi wa Waprotestanti, karne ya 16, vito vya kujipamba vilipigwa marufuku kule, masonara wakabaki na mikono hodari isiyo na kazi. Saa haikuhesabiwa kuwa pambo, ni kifaa. Hapo hapo wakaja wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa na kati yao mna mafundi saa. Masonara na mafundi saa wakakutana mji mmoja, mwaka 1601 wakawa tayari wana chama chao cha mafundi saa. Ndo maana hata baadaye saa za Geneva mikasha yake ni kama vito, sonara hakuacha kazi yake, aliihamishia kwenye saa.

Na haya mawe ya ndani kijana wa Rungwe anayouliza, yana kesi ya zamani inayofanana na yako kwa namna ya ajabu. Aliyefikiria kuyatoboa ni Mswisi, Nicolas Fatio de Duillier, mtu wa hesabu, rafiki wa Isaac Newton. Akaungana na mafundi wawili wa London, Peter na Jacob Debaufre, wakapewa hataza mwaka 1704. Walipoomba muda wa hataza uongezwe, chama cha mafundi saa wa London kikapinga, kikaleta saa ya zamani ya fundi Ignatius Huggeford yenye jiwe katikati ya daraja la balansi, wakasema mnaona, hili jambo lilikuwepo kabla yao. Ombi likakataliwa. Baadaye sana saa ile ilipofunguliwa ikaonekana lile jiwe ni pambo tu, halishiki ncha ya kitu chochote. Yaani wale walipoteza haki yao kwa sababu watu walitazama jiwe kwa juu wakadhani wanajua kazi yake.

Alafu kutoboa kwenyewe ni kazi ya kuchosha kweli kweli. Unatumia waya mwembamba na unga wa almasi na oili, unazungusha, unazungusha, jiwe dogo kama hilo. London walishika huo ufundi muda mrefu sana, saa nyingi za bara la Ulaya zikawa zinatoka bila mawe ya maana mpaka mwishoni mwa karne ya 18. Ile saa maarufu ya fundi Abraham-Louis Breguet ya Malkia Marie-Antoinette wa Ufaransa, iliagizwa 1783, malkia akakatwa kichwa 1793 hajaiona, Breguet naye akafa 1823, ikamalizwa 1827 na karakana yake, ndani yake sehemu za msuguano zimewekwa yakuti samawi. Iliibwa kwenye jumba la makumbusho Jerusalem mwaka 1983 na ikapatikana tena 2007.

mwana_wa_Rungwe

Ndaga fijo wakuu, yaani nimesoma yote nimemsomea na shangazi. Fundi nimeangalia ndani ya mfuniko kwa tochi ya simu: kuna 0,800 kama ulivyosema, kuna mwezi mwandamo na taji, na kuna kandege kadogo kama kwale. Alafu namba ndefu ya tarakimu sita. Jina la mtu bado hamna. Ina maana gani, ni ya Mjerumani?

fundi_saa_Kabwe

Safi sana, hapo umenipa karibu kila kitu. Mwezi na taji ni alama ya fedha ya Ujerumani, ilianza kutumika mwaka 1888. Kandege ni alama ya Uswisi ya fedha ya 800. Vyote viwili pamoja maana yake saa ilitengenezwa Uswisi kwa ajili ya soko la Ujerumani, na ni baada ya 1888. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe 1891, Mwingereza akaja kuichukua Tukuyu kwenye vita mwaka 1916. Kwa hiyo maneno ya wazee wenu kwamba ilitoka kwa wamisionari yanaingia vizuri kabisa, sitashangaa.

CYLINDRE (silinda) ni aina ya mtambo wa kuachia mapigo, uliboreshwa na George Graham wa London kama 1726, baadaye Waswisi wakautengeneza kwa wingi sana. Sio mtambo wa bei mbaya, saa zilizoandikwa ANCRE 15 RUBIS, zenye mtambo wa aina ya nanga, ni bora kuliko hiyo kwa kushika muda. REMONTOIR ni kwamba inajazwa kwa kuzungusha kichwa cha juu, haihitaji ufunguo wa pembeni. Bei yake kwa watu wanaokusanya saa ni ya kawaida, nisikudanganye, zilitoka nyingi. Kwenu ninyi ni jambo jingine.

Mwl_wa_Gangilonga

Niongezee hapo kwenye swali la nani aliitengeneza, maana ndo sehemu inayonigusa kuliko zote. Hakuna jina kwa sababu hakuna mtu mmoja. Milima ya Jura, huko La Chaux-de-Fonds na Le Locle, ni baridi na theluji inafunga njia miezi mingi. Wakulima wa huko tangu karne ya 18 walikuwa wakati wa baridi wanakaa ndani karibu na dirisha wanatengeneza vipande vya saa, nyumba hii magurudumu, nyumba ile silinda, nyingine mishale, nyingine wanatoboa mawe, wanawake wengi sana wamo kwenye kazi ya kutoboa mawe na kupaka enameli nyeupe ya uso wa saa. Tajiri anapita anakusanya vipande, anapeleka kwa mtu wa kuunganisha, alafu kwa mchongaji wa kava. Wanamtaja sana Daniel JeanRichard kama aliyeanzisha hiyo kazi milimani, alifariki 1741. Mji wa La Chaux-de-Fonds ulipoungua 1794 ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka ili nyumba zipate mwanga wa kutosha wa kufanyia kazi, na mwaka 2009 UNESCO waliuweka huo mji pamoja na Le Locle kwenye urithi wa dunia kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kile kitobo kimoja ambacho dalali anataka kuking'oa, kuna mama mmoja alikaa dirishani anakizungusha kwa waya na unga wa almasi, na hakuna alipoandikwa jina isipokuwa hapo kwenye kitobo chenyewe. Mimi kwangu hiyo ndo sahihi yake.

Mnyalu_wa_Mafinga

Haya nimewaelewa. Gramu 24 kwa kweli hazilipi hata ada ya muhula. Shangazi apewe.

mwana_wa_Rungwe

Kikao kimeisha salama. Broka hesabu yako ndo iliyomaliza ubishi, baba mdogo aliposikia nauli ya daladala akasema basi. Saa inakaa kwa shangazi, na baba mdogo mwenyewe ndo amejitolea kulipia matengenezo. Fundi itatengenezeka? Kuna kitu kingine, pembeni ya kile kichwa cha kujazia kuna kapini kadogo kametokeza, dalali alisema ni uharibifu.

fundi_saa_Kabwe

Hako kapini sio uharibifu. Unakabonyeza kwa kucha huku unazungusha kichwa, hapo mishale inahama. Ukikaachia, kichwa kinarudi kujaza springi. Msikakate.

Kama ukitikisa inapiga basi silinda na ncha za balansi kuna uwezekano mkubwa ni nzima, hiyo ndo ilikuwa hofu yangu. Mara nyingi shida ni oili ya zamani imeganda kama gundi, au springi kubwa imekatika. Msiijaze kwa nguvu, msiweke mafuta ya cherehani wala ya kupikia, msiifungue kwenye vumbi. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba, sio kwenye mfuko wa nailoni, alafu ije Mbeya na mtu wa kwenu, isije kwa kondakta. Nitaifungua mbele yenu, kila kipande mtakiona, na hayo mawe 10 tutayahesabu pamoja na shangazi kabla sijaanza na tutayahesabu tena nikimaliza.

Dada wa Kihesa, hicho kishikizo kuna njia ya kukibana bila moto. Nitumie picha ya upande kwanza, na zile lulu mbili kama mlizihifadhi njoo nazo kwenye kikaratasi.